Kiti Kikiwa Wazi: Nani Mwenye Ubunge Kati ya Geita na Igunga?

Mei 2009 nilikuwa Katoro. Jimbo la Busanda, ambalo wakati huo lilihesabiwa katika Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza, lilikuwa limefiwa na mbunge wake, Faustine Kabuzi Rwilomba wa CCM, na uchaguzi mdogo ulipangwa kufanyika Jumapili ya tarehe 24. Mzee mmoja mwenye duara upande wa Rwamgasa, aliyenikaribisha kwake, aliniambia neno ambalo sijalisahau: “Mwanangu, tukiwa na mbunge, wakubwa hatuwaoni. Mbunge akifa, wakubwa wote wanakuja msibani, na hawaondoki mpaka tumepiga kura.”

Wakati ule nililichukua kuwa mzaha wa mtu mzima. Leo, baada ya miaka ya kufundisha historia ya siasa zetu, naliona kuwa swali zito kuliko mengi niliyowahi kuyatunga katika mitihani. Kiti cha ubunge kikiwa wazi ndipo inapoonekana ni cha nani. Naomba, ndugu msomaji, tuvitazame viti vichache vilivyoachwa wazi katika ukanda huu wa dhahabu, pamba na tumbaku, na kila mara tujiulize: nani alikiacha wazi, na nani aliulizwa?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1965 nchi ilifanya uchaguzi wake wa kwanza chini ya chama kimoja. Wapigakura walipewa wagombea wawili wa TANU, wakachagua mmoja. Haukuwa uchaguzi wa kuigiza, kwa maana mawaziri walianguka, akiwemo Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mtu aliyekuwa ameujenga ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Mkulima aliweza kumwangusha waziri. Lakini Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, miongoni mwao Fortunatus Masha aliyewakilisha watu wa Geita na Joseph Kasella-Bantu wa Nzega. Kwa kuwa Katiba ya Muda ya 1965 ilimtaka mbunge awe mwanachama wa TANU, aliyevuliwa kadi alivuliwa na kiti. Waliompigia kura hawakuulizwa. Hapo ndipo somo la kwanza lilipoandikwa: mwananchi anaweza kumpa mtu kiti, ila chama kinaweza kumnyang’anya.

Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, wengi tulidhani somo hilo limefutwa. Halikufutwa. Ibara ya 71 ya Katiba bado inasema mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza ubunge, na mtu asiye na chama hawezi kugombea. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala la mgombea binafsi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ambayo Juni 2013 ilitamka kwamba katazo hilo linakiuka haki zake. Hukumu ilitoka, katazo likabaki.

Turudi Busanda. Ili kuuelewa uchaguzi ule ni lazima kukumbuka joto la madini la miaka hiyo. Mgodi wa Geita ulikuwa umeanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Agosti 2007 Zitto Kabwe alisimamishwa ubunge baada ya kuhoji mkataba wa Buzwagi uliotiwa saini London, na mwaka uliofuata kamati ya Jaji Mark Bomani ikakabidhi ripoti yake kuhusu sekta ya madini. Kwa wanaapolo wa Nyarugusu na Rwamgasa hayo hayakuwa maneno ya Dodoma tu. Yaligusa swali la nani achimbe wapi, na kwa kibali cha nani. Lolesia Bukwimba wa CCM alishinda, lakini ushindani wa CHADEMA ulikuwa wa kweli, na kwa wiki kadhaa vijiji ambavyo havikuwa vimezoea kumwona kiongozi wa taifa vilipata wageni kila siku. Mzee wangu hakuwa akitania.

Miaka miwili baadaye kiti kiliachwa wazi kwa namna nyingine. Igunga iko Tabora, lakini inapakana na Shinyanga, na Wasukuma na Wanyamwezi wake hawautambui sana mpaka huo. Julai 2011 Rostam Aziz alijiuzulu ubunge akisema amechoshwa na “siasa uchwara”, katika kipindi ambacho CCM ilikuwa ikihubiri “kujivua gamba”. Ugomvi ulikuwa wa ndani ya chama, gharama ikabebwa na jimbo. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikwenda kuzindua kampeni za chama chake, helikopta zikapita juu ya majaruba ya mpunga, na tarehe 2 Oktoba Dk. Dalaly Kafumu, aliyekuwa Kamishna wa Madini, alimshinda Joseph Kashindye wa CHADEMA kwa tofauti ya kura zaidi kidogo ya 3,000. Hata hivyo, takwimu inayonisumbua zaidi ni nyingine: kati ya waliojiandikisha, takribani theluthi moja tu ndio waliopiga kura. Taifa zima liliitazama Igunga, na wengi wa watu wa Igunga walibaki majumbani.

Kesi iliyofuata ina mafunzo yake. Agosti 2012 Mahakama Kuu, Tabora, iliyatengua matokeo hayo. Kati ya mambo yaliyobishaniwa ni ahadi ya Daraja la Mbutu iliyotolewa wakati wa kampeni na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli. Kafumu alikata rufaa, akarejeshewa kiti. Daraja nalo likajengwa. Msomaji ataniuliza: kuna ubaya gani basi, ikiwa watu wamepata daraja? Hakuna ubaya katika daraja. Ubaya ni kwamba watu waliovuka mto ule kwa hofu kila masika walisikika kwa nguvu pale tu kiti chao kilipowaniwa.

Na pale kisipowaniwa? Kati ya 2017 na 2018 wabunge kadhaa wa upinzani walijiuzulu, wakahamia CCM, na baadhi yao, kama wa Kinondoni na Siha, wakasimamishwa na chama kipya kuvigombea viti vilevile walivyoviacha, wakavipata. Sheria inayotetewa kwamba inamlinda mpigakura dhidi ya mbunge anayehama haikumlinda. Kisha Agosti 2021 Waziri wa Ulinzi, Elias Kwandikwa, mbunge wa Ushetu wilayani Kahama, alifariki dunia. Uchaguzi ulifanyika tarehe 9 Oktoba. CHADEMA haikushiriki, mwenyekiti wake, Freeman Mbowe, alikuwa mahabusu. Emmanuel Cherehani wa CCM alishinda bila jasho. Wakulima wa tumbaku wa Ushetu walimzika mtu wao na wakapata mwingine, lakini mnada ule wa kura uliozipa Busanda na Igunga wageni na ahadi haukuwafikia kwa kishindo kilekile.

Hivyo viti vimeachwa wazi kwa kufukuzwa, kwa kifo na kwa kujiuzulu, na katika njia zote hizo hakuna hata moja ambayo mlango wake unafunguliwa na mpigakura. Yeye huitwa baadaye, kujaza nafasi ambayo hakuiacha wazi, kwa majina ambayo vyama vimeshayachuja. Kama tunataka mabadiliko ya Katiba yenye maana, tuanzie hapa: mgombea asiye na chama aruhusiwe, mbunge asipoteze kiti kwa uamuzi wa kikao cha chama, na wapigakura wapewe utaratibu wa kisheria wa kumwita mbunge wao arudi kabla miaka mitano haijaisha.

Mzee wa Rwamgasa hakuhitaji kusoma Ibara ya 71 ili kuielewa. Alijua kwamba mbunge wake akiwa hai, kiti ni cha wengine. Sioni sababu ya wajukuu zake kusubiri msiba ili wasikilizwe.