Wimbo Unaofungua Hadithi: Kutoka Siwindhe hadi Nyimbo za Anime

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya watoto, nyimbo zinazofungua filamu za katuni hazijapewa nafasi inayostahili. Mara nyingi huchukuliwa kuwa pambo tu, kitu kitamu cha kumvuta mtoto mbele ya televisheni kabla ya hadithi yenyewe kuanza. Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Yanadai kwamba wimbo wa namna hii ni fomula ya ufunguzi, kama ilivyo "Paukwa! Pakawa!" katika ngano za Kiswahili, na kwamba utamu wake hautokani na ulaini wa sauti peke yake, bali na nafasi anayoachiwa mtoto ya kujibu.

Dai hili linachunguzwa kwa kulinganisha mikondo miwili: masimulizi ya Waluo wanaoishi kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, na nyimbo za katuni za Kijapani, anime, kuanzia mwaka 1963. Haidaiwi kwamba mkondo mmoja uliuzaa mwingine. Kinachoilinganisha mikondo hii ni msikilizaji wake. Mtoto wa mtaa wa Manyatta mjini Kisumu ni mrithi wa mkondo wa kwanza, na kwa njia ya kioo ni hadhira ya wa pili.

Siwindhe na nafasi ya kujibu

Katika maisha ya zamani ya Waluo, watoto walilala na kufunzwa katika siwindhe, nyumba iliyosimamiwa na mwanamke mzee aliyeitwa pim. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao Siaya cha mwaka 1989, wanamtazama pim kama mlezi aliyempa mtoto sehemu kubwa ya maarifa yake ya kwanza kuhusu jamii. Humo ndimo sigana, yaani ngano, ilimosimuliwa usiku. Ndani ya sigana nyingi mlikuwa na wimbo mfupi uliorudiwa kila kisa kilipofikia kilele, nao watoto wakauitikia. Hatimaye msimulizi alifunga kwa kusema "Thu tinda!"

Sambamba na sigana kuna pakruok, majigambo yanayoambatana na uchezaji wa nyatiti. Msikilizaji huusimamisha muziki, akajitaja kwa majina ya sifa, kisha muziki ukaendelea. Ingawa pakruok ni sanaa ya watu wazima, inaifunua kanuni muhimu: katika utendaji wa Kiluo, wimbo hukubali kukatizwa. Nafasi ya mwitikio si kasoro inayopaswa kuzibwa; ndiyo inayoufanya wimbo kuwa mali ya wote.

Manyatta ni mtaa uliokua pembezoni mwa mji ulioanzia kwenye kituo cha reli kilichofikiwa mwaka 1901. Katika nyumba za kupangisha, ambamo familia nyingi huishi katika chumba kimoja, hakuna pa kujenga siwindhe, na mara nyingi nyanya amebaki kijijini. Sigana haikufa kwa sababu hiyo, lakini ilipoteza nyumba yake. Jioni ya mtoto imepata msimulizi mwingine, naye huja na wimbo wake.

Nyimbo za anime: kutoka sifa hadi soko

Tarehe 1 Januari 1963 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha Tetsuwan Atomu, kazi ya Osamu Tezuka kuhusu roboti mtoto. Muziki wa ufunguzi ulitungwa na Tatsuo Takai, na maneno yakaandikwa na Shuntaro Tanikawa, mmoja wa washairi mashuhuri wa Japani katika karne ya 20. Ni muhimu kwamba kazi hii haikuachiwa mtungaji wa matangazo ya biashara. Mshairi alimjengea shujaa sifa kwa jina lake, nguvu zake na wema wa moyo wake, akachanganya humo silabi zisizo na maana ya kikamusi. Silabi hizo ndizo mlango wa mtoto mdogo, kwani hata asiyeijua lugha vizuri huweza kuziimba. Kifani, wimbo huu ni wa sifa. Tofauti yake na pakruok ni kwamba anayesifiwa hajisifu mwenyewe.

Mwaka 1974 ilitokea katuni ya Haiji, msichana wa milima ya Alpi, iliyoongozwa na Isao Takahata kutokana na riwaya ya Johanna Spyri. Maneno ya wimbo wake, "Oshiete", yaani "Niambie", yaliandikwa na mshairi Eriko Kishida. Umbo lake ni msururu wa maswali ya mtoto kwa babu yake na kwa maumbile. Hapa mtoto si mwitikiaji tena, ndiye mwulizaji. Katika wimbo wa Doraemon wa mwaka 1979, sauti ya mhusika mwenyewe inaukatiza uimbaji kwa maneno ya kusemwa. Mbinu hii inaikaribia sana ile ya mpiga nyatiti anayenyamaza ili mtu aseme.

Katika miongo iliyofuata mambo yalibadilika. Kampuni za kurekodi muziki ziligundua kwamba sekunde zipatazo 90 za ufunguzi zinaweza kuuza sahani za bendi za vijana. Mfano unaofahamika ni "Sobakasu" wa bendi ya Judy and Mary, uliofungua Rurouni Kenshin mwaka 1996. Hadithi inahusu mpiga upanga wa karne ya 19. Wimbo unahusu mapenzi ya msichana mwenye madoadoa usoni. Itakuwa kosa kusema kwamba ni wimbo mbaya. Ulipendwa sana, na uchangamfu wake unakonga moyo hata leo. Hata hivyo, haumtaji shujaa wala hauifungui hadithi. Umesimama mlangoni bila kubisha hodi. Mtoto anaweza kuuimba, lakini ndani yake hamna swali linalomsubiri.

Mabadiliko haya hayakuwa ya wote. Pokémon, iliyoanza mwaka 1997, ilimpa mwigizaji wa sauti ya shujaa, Rica Matsumoto, nafasi ya kuimba azma ya mhusika wake. Lakini ilipopelekwa Marekani mwaka 1998 ilipewa wimbo mwingine wa Kiingereza. Ni dhahiri basi kwamba katuni inaposafiri, picha hubaki na wimbo hubadilishwa. Fomula ya ufunguzi ndiyo inayoonyesha ni nani anayealikwa.

Mwaliko kwa mtoto wa Afrika Mashariki

Mwaka 2010 Tinga Tinga Tales ilianza kuonyeshwa na CBeebies ya Uingereza. Ilichorwa katika studio ya Homeboyz jijini Nairobi, kwa kufuata mtindo wa michoro ulioasisiwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam, na Eric Wainaina akashiriki kuitungia muziki. Hadithi zake ni ngano za usuli, zinazoeleza kwa nini mnyama fulani ana umbo au tabia fulani. Swali la siwindhe limerudi, lakini kwa Kiingereza. Katika muongo huohuo, shirika la Ubongo la Dar es Salaam liliunda Akili and Me, ambamo nyimbo za Kiswahili zinamtaka mtoto ahesabu, ataje na ajibu. Hapa nafasi ya mwitikio imekusudiwa tangu mwanzo.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto wa Kenya afundishwe katika miaka yake ya mwanzo kwa lugha inayotawala katika eneo la shule. Kanuni hiyo ya darasani haijawahi kuwa kipimo cha hadithi za jioni. Mtoto wa Manyatta aulizwaye kwa Kiingereza akiwa anawaza kwa Kiluo na kucheza kwa Kiswahili huweza kuufurahia wimbo, lakini hujibu kama mgeni.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nyimbo za anime zilizotungwa na washairi zilitimiza kazi ambayo sigana na pakruok zilikwisha kuifahamu: kumtaja shujaa, kuuliza, na kunyamaza ili mwingine aseme. Zilipogeuzwa kuwa bidhaa ya bendi, zilihifadhi utamu zikapoteza swali. Kwa hiyo kipimo cha wimbo wa watoto kisiwe ulaini wake tu. Yafaa mhakiki, na mtunzi wa Kenya pia, waulize: je, mna nafasi ndani yake ya mtoto kuitikia, na kwa lugha gani? Televisheni haisikii jibu, lakini uani watoto wenzake husikia. Siwindhe haiwezi kujengwa upya Manyatta. Nafasi ya kujibu inaweza.