Jua Lililopandisha Maji Katika Nchi ya Mali

Mkulima anayeona jua la kiangazi likichoma mahindi yake hawezi kuliita rafiki. Hata hivyo wako watu waliotafuta tangu zamani njia ya kulituma jua lile lile kuleta maji. Mwaka 1913 Mwamerika Frank Shuman alijenga huko Maadi, karibu na Kairo, vioo virefu vya kukusanya joto la jua. Joto lilitoa mvuke, na mvuke ukaendesha mashini ya kupandisha maji ya mto Nili mpaka mashambani. Vita vya 1914 vikaikomesha kazi hiyo, naye Shuman akafa mwaka 1918.

Mkulima mdogo alingoja muda mrefu zaidi. Miaka ya 1972 na 1973 ukame mkali uliipiga Mali, mifugo ikafa, visima vikakauka. Padri Bernard Verspieren, wa shirika la Mapadri Weupe, akaanzisha mjini San kazi iliyoitwa Mali Aqua Viva, ili kuchimba visima virefu. Lakini kuchimba ni jambo moja, kupandisha maji ni jingine. Pampu za mkono zinachosha, na za mazuti zinadai mafuta na fundi, navyo viko mbali. Ndipo ikajulikana kwamba katika kisiwa cha Corsica iko pampu ya jua. Mwaka 1977 pampu ya namna hiyo ikawekwa katika kijiji cha Nabasso.

Haikuwa ya mvuke tena. Vibao vyake hugeuza mwanga kuwa umeme, nao umeme huzungusha mota. Usiku hulala, na watu huteka maji katika tangi. Tena siku ya jua kali, mimea inapokuwa na kiu kuliko siku zote, ndipo inapotoa maji mengi.

Naona kazi kubwa ya Padri haikuwa vibao, maana hivyo vilitoka ng'ambo. Alitaka kila kijiji kitoe sehemu yake ya fedha, na mafundi wawepo wa kuzitunza pampu. Pampu isiyo na mwenyewe wala fundi hufa upesi, hata jua liwake namna gani.

Mwaka 2007, huko Kalalé, kaskazini ya Benin, vikundi vya wanawake vilipata pampu za jua pamoja na mipira yenye matundu, inayodondosha maji penye shina. Wakalima mboga hata wakati wa kiangazi, wakala, wakauza zilizobaki.

Tangu 1977 bei ya vibao imeshuka sana. Lakini mafuta hulipwa kidogo kidogo. Vibao hulipwa mwanzoni, kabla mkulima hajachuma nyanya hata moja.