Kinga ya magurudumu matatu na kodi ya mupaka

Bandugu, kusamehe walemavu kodi hakukuanza Ulaya tu. Tangu miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, walemavu wa Kinshasa walivuka mto Kongo mpaka Brazzaville kwa tikiti ya bei ndogo, na duane ikawalegezea. Kinga zao za magurudumu matatu zikajaa mizigo, wafanyabiashara wakawatafuta, familia zikala. Njo vile kilema kikawa kazi. Lakini ile ilisimama juu ya mazoea ya mupaka. Mu 2014, Brazzaville ilipofukuza wenzetu kwa wingi, biashara ikaanguka. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zao inchi nzima. Hapa Kabongo, mulemavu anayebeba mahindi sokoni anasaidiwa na nini? Tuliosoma, tuulize leta.