Kwa nini kuhama Subversion kwenda Git kulitukesha Pwani

Leo tugeuke nyuma kidogo. Vijana wanaoandika programu hapa Kilifi na Malindi wameikuta Git ipo tayari. Nikiwaambia kwamba kuhamisha mradi mmoja mkubwa kuliweza kula siku mbili tatu, wanalaumu kompyuta zetu za wakati ule. Wanazionea!

CVS ilianza 1986. Subversion 1.0 ikatoka Februari 2004 kuirithi, na Aprili 2005 Linus Torvalds akaanzisha Git. Subversion huweka historia yote ya mabadiliko kwenye seva moja. Git humpa kila mtu nakala nzima. Kwa hiyo anayehama hubeba historia yote, na git-svn, chombo tulichotumia wengi, huibeba badiliko moja moja: inauliza seva, inangoja jibu, inaandika, inauliza tena.

Sasa seva iko wapi? Mara nyingi ilikuwa Ulaya au Marekani. Kabla ya 2009 Kenya haikuwa na kebo ya faiba ya chini ya bahari, mawasiliano ya nje yalipita setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. (Msizichanganye na Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapo baharini Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Ile ilizunguka chini kabisa, kilomita mia tano na kitu.) Swali lipande lishuke, jibu nalo lipande lishuke: karibu nusu sekunde, hata ukiomba herufi moja. Mabadiliko 100,000 kwa swali mojamoja ni sekunde 50,000, karibu saa 14. Na git-svn haiulizi mara moja tu. Weka maswali manne kwa kila badiliko, ni saa 55 na zaidi, na hapo stima haijapotea. Kulipia laini nene hakukusaidia kitu: ndoo inakuwa kubwa, kisima kiko mbali vilevile.

TEAMS ilitua Mombasa Juni 2009, SEACOM ikafunguliwa Julai. Safari ikafupika, maswali hayakupungua. Dawa hasa ilikuwa kumwomba mwenye seva atoe svnadmin dump, faili moja yenye historia yote, ije kwa mkupuo au kwenye diski ndani ya matatu, kisha ufanye kazi ghala likiwa pembeni yako.

Umbali si kila kitu lakini. GCC ilihamia Git Januari 2020 ikiwa na mabadiliko zaidi ya 270,000. Eric Raymond alikuwa ameandika reposurgeon kwa Python. Kwa historia kubwa hivyo ikaelemewa, ikabidi iandikwe upya kwa Go.

Wengine hawakungoja. Nimeona miradi iliyochukua msimbo wa siku ile tu, ikaandika "mwanzo", historia ikaachwa. Basi fikiria programu ya zahanati yenye mstari unaopunguza dozi ya mtoto kwa robo. Kwa nini? Nani aliagiza? Aliyeuandika yuko Dubai siku hizi, na Git inajibu "mwanzo".

Kama seva yenu ya zamani ya Subversion bado inawaka mahali, kaombeni hiyo dump wiki hii.