Neno "feki" lilianzia kwa wezi

Hapa Moro, mji kasoro bahari, ukizunguka Soko Kuu la Chifu Kingalu hutoki bila kulisikia neno feki. Muuza asali anakuapia kwamba yake imeshuka na watu wa milimani Uluguru, siyo feki. Muuza chaja naye anasema yake orijino. Leo tuliangalie neno hili lilikotoka, maana kwa sisi tunaosomea ualimu siyo la mzaha.

Limetoka kwenye Kiingereza, ila siyo kile cha darasani. Fake lilikuwa neno la wezi wa London, karne ya 18 huko. Mwaka 1812 mfungwa mmoja, James Hardy Vaux, aliyekuwa amepelekwa Australia, aliandika kamusi ndogo ya lugha yao. Humo neno lina maana kibao: kuiba, kujeruhi, kuchonga ufunguo wa kufungulia milango ya watu, hata kuandika karatasi. Baadaye ikabaki hii ya kughushi.

Sasa utauliza, kwani Kiswahili hakikuwa na neno lake? Kilikuwa nalo. Tuna bandia. Lakini bandia pia ni mwanasesere, na mtu akivaa meno bandia hakuna aliyetapeliwa. Feki lazima awepo anayedanganya na anayedanganywa. Nadhani ndiyo maana mtaa umeling'ang'ania.

Mwanzoni lilikaa kwenye bidhaa. Juni 2016 TCRA ilipozima simu feki, watu wengi walibaki na vipande vya plastiki mkononi. Halafu likahamia kwenye karatasi. Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki: watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu. Wakaondolewa kazini.

Hapo ndipo neno lilipofanya ujanja. Kilichokuwa feki ni cheti, lakini mtaani watu wakaanza kusema "mwalimu feki". Jamani, mtoto aliyefundishwa kusoma na mwalimu yule, kusoma kwake nako ni feki? Siwatetei, wadau. Kuna aliyesoma kihalali akakaa nyumbani kwa sababu nafasi ilishachukuliwa na mwenye karatasi ya kuchonga, na huyo hakuna aliyemhesabu. Ila mwaka 2022 serikali ilianza kuwarudishia walioondolewa michango waliyokatwa kwenye mishahara kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Maana yake ilikubalika kwamba kwenye utumishi ule kulikuwa na kitu chao cha halali.

Kwa hiyo tukienda kufundisha, kabla hujamwita mtu feki, jiulize kwanza ni kitu gani chake hasa kilichoghushiwa.

Haya, nakimbilia kipindi. Tuko pamoja.