lugha ya programu

nm [i-/zi-] lugha ya kuandikia maagizo yanayotekelezwa na kompyuta.

Matumizi: Anayechagua lugha ya kuundia zana za usimamizi wa mifumo hutazama kwanza jinsi maagizo yanavyoifikia mashine. Bash (1989) yafaa kwa kazi fupi, kama kunakili mafaili. Zana ikirefuka, makosa hujificha. Python (1991) huhitaji mkalimani: maagizo hufasiriwa wakati wa utekelezaji, hivyo mkalimani huyo sharti awepo katika kila seva. Go (2009) hutumia mfasiri: matini yote hufasiriwa kabla, likapatikana faili moja linalojitegemea.

Mfano: Msimamizi aliyeko Himo, asiyejua kama seva za Moshi na Holili zina Python, aliandika zana yake kwa Go.

Tanbihi: Usibadilishane *mkalimani* na *mfasiri*. Mkalimani husema papo hapo. Mfasiri hukabidhi kazi iliyokamilika. Ukiyachanganya, msomaji ataipeleka zana mahali isipoweza kufanya kazi. Barabara ya Himo ikivuka Holili kuingia Kenya, *kompyuta* huitwa pia *tarakilishi*. Teua neno moja, ulishike hadi mwisho wa matini.