Majina ya Mahali na Historia ya Pwani ya Malindi na Kilifi

Mgeni anayezuru pwani ya Malindi na Kilifi huonyeshwa magofu, ghuba, makorongo na nguzo, kisha hutajiwa majina yake kwa haraka, kana kwamba jina ni kibao tu cha kuelekezea njia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina hayo yenyewe ni mabaki ya historia, na kwamba yasipopimwa kwa kanuni za lugha humpotosha msikilizaji.

Mfano wa kwanza ni Gedi. Mji huo wa mawe, ulio kiasi cha kilomita 16 kusini ya Malindi, ulitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu mwaka 1927, ukachimbuliwa na James Kirkman kuanzia 1948, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Humo mna msikiti mkuu, jumba la mtawala, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Vyombo vya kauri vya Kichina vilivyofukuliwa humo vyathibitisha upana wa biashara yake. Hata hivyo, Wareno waliokuwa na makao Malindi katika karne ya 16 hawakuutaja mji kwa jina hilo. Kwa kawaida Gedi hufasiriwa kuwa neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani, na Waoromo walifika sehemu hizo wakati mji ulipokuwa ukielekea kuhamwa. Ikiwa ndivyo, jina ni la waliokuta magofu, si la waliojenga kuta. Na mwenye kulitafuta katika maandishi ya kale analitafuta jina ambalo huenda lilikuwa bado halijazaliwa.

Watamu ni mfano wa aina nyingine. Husimuliwa kwamba jina latokana na “watu tamu”, yaani watu waliovutwa kwa vitu vitamu wakauzwa utumwani. Lakini kwa sarufi ya Kiswahili kivumishi -tamu hufuata upatanisho, hivyo usemi sahihi ni “watu watamu”. Umbo Watamu laweza kuwa kivumishi kilichosimama mahali pa nomino, lakini umbo hilo peke yake halithibitishi kisa cha watumwa. Mnarani, kando ya hori la Kilifi, halina utata kama huo: ni mnara pamoja na kiambishi tamati -ni cha mahali, na kaburi la mnara bado laonekana hapo.

Huko Marafa, bara ya Malindi, lipo korongo la udongo mwekundu na mweupe ambalo Wagiriama huliita Nyari. Husimulia kwamba hapo paliishi ukoo tajiri uliooga maziwa badala ya kuwapa maskini, ukadidimizwa ardhini. Wageni wameliita kwa Kiingereza Jiko la Jehanamu. Jina hilo latamka joto la mchana, lakini lafuta fundisho.

Mjini Malindi kwenyewe nguzo inayojulikana zaidi yaitwa kwa jina la Vasco da Gama, aliyekaa hapo siku chache tu mwezi wa Aprili 1498. Miaka 83 kabla yake, mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walikuwa wamempelekea mfalme wa China twiga. Hakuna nguzo iliyopewa majina ya wajumbe hao.

Kwa hiyo hata Kisumu Ndogo, mtaa wa makazi ambao mtalii haonyeshwi, wastahili kuchunguzwa. Ki- ya Kisumu si kiambishi cha ngeli, kwani jina limetoka katika Kijaluo. Wenyeji husema Ndogo, wala hawasemi Kidogo. Na Kisumu huelezwa mara nyingi kuwa latokana na neno lihusulo kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Jina hilo lilisafiri kutoka ziwani hadi baharini, na hapo laonyesha uhamaji wa karne ya 20 kama vile Gedi lionyeshavyo uhamaji wa zamani.

Historia ya pwani hii, basi, haiwezi kuachiwa mawe peke yake. Waelekezaji wa watalii na waandishi wa vitabu vya shule wakipewa majina yaliyochunguzwa, watakuwa na la kusema mahali ambapo ukuta umenyamaza. Na wazee wa Kigiriama na Kiswahili waulizwe mapema, maana jina lililosahauliwa halichimbuliwi kwa jembe.